MOSHI SI USHURU WA MAENDELEO



Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Sisi twathubutu kuongeza neno moja: palipo na moto pana mtu anayepata faida, na aghalabu huyo siye anayeuvuta moshi wake. Katika kijitabu hiki twataka kulinena jambo hili waziwazi, kwa sababu limefunikwa kwa maneno laini kwa muda mrefu mno. Twaambiwa kwamba hewa chafu ya miji yetu ni dalili ya kukua. Twaambiwa kwamba nchi zote tajiri zilianza hivyo, na kwamba anayelalamikia moshi hataki viwanda, hataki magari, hataki watoto wa maskini wapate kazi.

Twayakataa maneno hayo. Moshi si ushuru ambao taifa maskini halina budi kuulipa ili lipate maendeleo. Moshi ni deni ambalo wachache hulikopa na wengi hulilipa kwa mapafu yao.

Hatusemi haya kwa kuichukia kazi wala biashara. Mtu asiye na ajira hana raha hata kama anga lake ni safi kama kioo. Twayasema kwa kuwa tumeuona ushahidi, nao waonyesha kwamba kazi na hewa safi vyaweza kukaa pamoja pale ambapo watu wameamua hivyo. Pasipo na uamuzi huo, pana mtu aliyeona afadhali usifanyike.

1. HEWA HUIFUATA FEDHA

Hewa haijichafui. Upepo, mvua na majira huweza kuutawanya moshi au kuukusanya mahali pamoja, lakini sehemu kubwa ya moshi wa mjini hutokana na kazi za wanadamu. Atakaye kujua kwa nini hewa ya mji fulani yazidi kuharibika, au kwa nini yaanza kutakata, na aulize maswali matatu. La kwanza: watu wa mji huo wanafanya kazi kwa wingi gani, yaani wanapika, wanasafiri, wanachoma matofali na kuyeyusha chuma kiasi gani? La pili: kila kazi hiyo yatumia nishati kiasi gani? La tatu: nishati hiyo, kwa kila kipimo chake, yatoa uchafu kiasi gani?

Sufuria moja ya maharage yatosha kutufundisha. Maharage yaleyale yaweza kuiva kwa kuni juu ya mafiga matatu, kwa mkaa katika jiko la bati, kwa mkaa mchache zaidi katika jiko banifu la udongo, kwa gesi, au kwa umeme. Mlo ni mmoja, lakini moshi si mmoja. Vivyo hivyo abiria hamsini waweza kwenda kazini kwa magari hamsini au kwa basi moja, na basi hilo laweza kuwa zima au bovu, likatumia dizeli safi au dizeli iliyojaa salfa. Safari ni ileile, na mji ni uleule. Hewa itakayobaki nyuma yao ndiyo itakayotofautiana.

Basi wale wasemao kwamba uchumi ukikua moshi hauna budi kukua, wanalijibu swali la kwanza tu na kuyaficha mawili yaliyobaki. Na hayo mawili ndiyo yenye siasa ndani yake. Aina ya nishati na ubora wa mitambo huamuliwa bungeni, katika bajeti, bandarini, na katika vikao vya wakurugenzi wa makampuni. Mama anayepuliza jiko kibarazani hakualikwa katika vikao hivyo. Hata hivyo, hotuba zinapotolewa kuhusu uharibifu wa mazingira, yeye ndiye huwa wa kwanza kunyoshewa kidole.

Tena moshi si kero ya macho tu. Ndani yake mna chembechembe laini mno, ambazo kipenyo chake hakizidi mikroni 2.5. Hizo hupita puani na kooni bila kizuizi, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndizo zinazochangia maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, na nimonia kwa watoto. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza nusu nzima ya kiwango linachopendekeza kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Lilifanya hivyo kwa sababu ushahidi wa madhara ulikuwa umezidi kuonekana hata pale hewa ilipodhaniwa kuwa nzuri.

2. JIKONI

Tuanze jikoni, kwa maana huko ndiko wengi wetu tunakouvuta moshi wetu wa kwanza. Shirika hilohilo lakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kati ya hivyo, zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wasiotimiza miaka mitano. Katika bara letu karibu watu bilioni moja bado hawana njia safi ya kupikia.

Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya mila, na kwamba watu wetu wanaupenda mkaa kwa sababu chakula chake ni kitamu. Na tuwatazame watu wa Dar es Salaam. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2009, ilionyesha kwamba kaya zilizotumia mkaa jijini humo ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Je, mila ilibadilika kwa kasi hiyo katika miaka sita? La hasha. Jiji lilikuwa likipokea watu wengi kila mwaka, na bei za nishati nyingine zilikuwa zikipanda kuliko mifuko ya watu. Wakati huohuo uchumi wa taifa ulihesabiwa kuwa unakua. Ulikua, naam, lakini kwa familia nyingi ulikua juu ya gunia la mkaa.

Taarifa hiyo ilikadiria kwamba nchi nzima ilikuwa ikitumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, nusu yake Dar es Salaam peke yake, na kwamba biashara hiyo ilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 650 kila mwaka. Biashara kubwa kiasi hicho si ya mchoma mkaa aliye porini na nguo moja. Ina wenye malori, ina madalali, ina wanaopokea chochote vizuizini. Mchoma mkaa na mwuzaji wa kopo ni mwanzo na mwisho wa mnyororo huo, nao ndio wenye pato dogo. Katika tanuri la udongo la kienyeji, mtu aweza kuhitaji kilo tano hadi kumi za kuni ili apate kilo moja ya mkaa. Hasara ni kubwa, moshi ni mwingi, na anayeuvuta huko porini ni yuleyule mchomaji pamoja na wanawe.

Mapema mwaka 2006 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Marufuku hiyo haikudumu. Haikuweza kudumu, kwa sababu ilimkataza mama kuwasha moto bila kumpa moto mwingine. Bei ilipanda, mkaa uliendelea kupita kwa siri, na maskini akalipa zaidi kwa moshi uleule. Jambo kama hili si sera ya mazingira. Ni adhabu.

Upande wa pili wa mpaka tulishuhudia kosa la namna nyingine. Kenya iliiondolea gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016. Julai 2021 kodi hiyo ikarudishwa kwa asilimia 16. Mwaka 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa tena. Mtu wa kipato kidogo aliyejinyima akanunua mtungi akiitegemea bei ya leo, atajuaje bei ya kesho? Serikali yoyote itozayo gesi ya maskini kodi nzito, kisha ikafanya semina juu ya ubaya wa mkaa, inajenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa mkono wa kushoto.

Wala tusidhani kwamba maskini hajui kuhesabu. Mkaa huuzwa kwa kopo, nao hununuliwa kwa fedha ya siku hiyo. Mtungi wa gesi hutaka fedha nyingi kwa mara moja, na kibarua hana fedha nyingi kwa mara moja. Hununua kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi kidogo kidogo hiyo imekuwa ghali kuliko mtungi. Huu ndio uchumi wa moshi: aliye na uwezo hununua hewa safi kwa bei ya jumla, na asiye nao hununua maradhi kwa rejareja.

3. BARABARANI

Kutoka jikoni twende barabarani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani. Takriban asilimia 80 yalipelekwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wakaguzi wa Uholanzi waliochunguza magari yaliyokuwa yakipelekwa Afrika kupitia bandari za nchi yao waliona kwamba mengi hayakuwa na cheti halali cha kufaa kuwa barabarani, na mengine yalikuwa yameng'olewa kifaa cha kusafisha moshi.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Gari linakatazwa kutembea mbele ya nyumba ya tajiri kwa sababu moshi wake ni haramu. Linapakiwa melini. Likishuka kwetu, moshi uleule unakuwa halali. Mapafu ya mtoto wa Mbagala au wa Kariobangi yana tofauti gani na mapafu ya mtoto wa Rotterdam?

Hatuwalaumu wanunuzi. Mtu anayetafuta gari la kubebea mazao hununua aliloweza kulifikia. Twawalaumu wanaouza kile ambacho kwao ni takataka, na wanaofungua lango bila kuuliza swali.

Walakini barabarani ndiko tunakopata pia ushahidi wa kututia moyo. Kwa miongo mingi petroli ilichanganywa na madini ya risasi, sumu ambayo huharibu akili ya mtoto anayekua. Japani ilikwisha kuachana na petroli hiyo katika miaka ya 1980, na Marekani ikaikataza kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Sisi tuliambiwa tusubiri, magari yetu ni mazee, gharama ni kubwa. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, zikakubaliana kuiondoa. Mwanzoni mwa mwaka 2006 ilikuwa imeondoka. Magari hayakusimama, wala biashara haikufa. Mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha.

Tena nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isiwe na salfa inayozidi sehemu 50 katika milioni. Wakati huo ziko nchi za Afrika Magharibi zilizoruhusu sehemu 3,000. Hatukuwa matajiri kuliko wao. Tuliamua, tena tuliamua pamoja, na mfanyabiashara wa mafuta hakupata jirani dhaifu wa kumkimbilia. Huo ndio mfano wa kushika: uchumi ulikua, magari yakaongezeka, lakini kila lita ilibeba salfa pungufu. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba sheria iliyo kwenye karatasi ndiyo iliyo ndani ya tangi, na kwamba magari yenyewe yanakaguliwa kwa haki, bila cheti kununuliwa dirishani.

4. UONGO WA "TUTAJIRIKE KWANZA"

Sasa tulifikie fundisho ambalo limewapotosha wasomi wengi. Lasema hivi: nchi maskini ichafue kwanza, itajirike, kisha itasafisha. Mwaka 1991 wachumi wawili wa Marekani, Gene Grossman na Alan Krueger, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba aina fulani za uchafu wa hewa huongezeka mapato yanapoanza kupanda, kisha hupungua mapato yakishafika kiwango fulani. Watu wengi wakalichukua jambo hilo kana kwamba ni sheria ya maumbile, kama vile jua kuchomoza. Wachumi hao wenyewe, katika maandishi yao ya mwaka 1995, walionya kwamba kushuka huko hakuji kwenyewe. Huja kwa sababu watu hudai, na serikali hutunga sheria.

Desemba mwaka huohuo wa 1991, waraka wa ndani wa Benki ya Dunia, uliotiwa saini na mchumi wake mkuu, Lawrence Summers, ulitoa hoja kwamba yafaa viwanda vichafu vihamie katika nchi maskini, kwa kuwa afya ya mtu wa mshahara mdogo ikiharibika hasara yake kwa fedha ni ndogo. Ulisema hata kwamba nchi za Afrika zenye watu wachache zina uchafu pungufu kuliko unaofaa. Waraka ulipofichuliwa mwaka 1992, yeye alieleza kwamba ulikuwa kejeli ya kuchochea mjadala. Na iwe hivyo. Lakini magari na mitambo chakavu havijui kejeli. Hoja ile, iwe ya utani au ya kweli, ndiyo inayotendeka kila siku bandarini mwetu.

Na historia yasemaje? London, tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ilifunikwa na ukungu wa moshi wa makaa ya mawe. Hesabu za wakati ule zilitaja vifo vipatavyo 4,000; watafiti wa baadaye wamefikisha 12,000. Uingereza wakati huo ilikuwa bado na makoloni, nasi tukiwamo. Haikuwa nchi maskini. Utajiri ulikuwapo, na hewa iliua. Tena makaa mazuri yaliuzwa nje ili kupata fedha za kigeni, na makaa duni yakauzwa kwa bei nafuu kwa wananchi wa kawaida wapate kuota moto. Kilicholeta mabadiliko ni Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956, iliyotenga maeneo yasiyoruhusiwa moshi na kuwagharamia wenye nyumba sehemu kubwa ya kubadilisha meko yao. Zingatieni jambo hili, ndugu: walikataza, na walisaidia kulipa. Yote mawili kwa pamoja.

Beijing nayo yatufundisha. Mwaka 2013 wastani wa chembechembe laini katika hewa ya mji huo ulikuwa mikrogramu 89.5. Mwaka 2021 ulikuwa 33. Katika miaka hiyo uchumi wa China haukurudi nyuma, uliendelea kukua. Serikali ilifunga vinu vya makaa, ikabadili mitambo, ikaondoa magari mabovu, ikaleta gesi na umeme. Mikrogramu 33 bado ni zaidi ya mara sita ya pendekezo la Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo hatusemi kwamba wamemaliza. Twasema kwamba walioshikilia kuwa haiwezekani wamejibiwa.

Hata hivyo tusifumbe macho. Majira ya baridi ya mwaka 2017, katika jimbo la Hebei, majiko ya makaa yaliondolewa kabla ya gesi kufika, na ziko shule ambazo watoto walitolewa nje wasome juani ili wapate joto. Kosa la Dar es Salaam la mwaka 2006 na la Hebei la mwaka 2017 ni moja: kumwondolea maskini moto kabla ya kumpa mwingine.

5. JE, TUSIMAMISHE KAZI?

Wapo wanaoelekea upande wa pili wakasema dawa ni kusimamisha shughuli. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, dunia ililijaribu jambo hilo bila kulipenda. Viwanda vilifungwa, ndege zikatua, barabara zikawa tupu. Huko India, wakazi wa Jalandhar waliona milima ya Himalaya kwa macho yao, jambo ambalo wengi hawakuwa wameliona kwa miaka mingi. Ulikuwa uthibitisho kwamba uchafu watoka katika kazi zetu wala si majaliwa.

Lakini ni kwa gharama gani? Wachuuzi walilala njaa, vibarua walitembea kwa miguu kurudi vijijini, watoto waliacha shule. Na kazi ziliporudi, moshi ulirudi nazo, kwa sababu injini zilikuwa zilezile na nishati ileile. Hewa iliyosafishwa kwa njaa haidumu, wala si haki. Twarudi basi kwenye maswali yetu matatu. Anayetaka kupunguza lile la kwanza peke yake atamwumiza maskini. Haki imo katika la pili na la tatu: kazi iendelee, nishati isipotezwe, na iwe safi.

6. NANI HULIPA?

Twataja mfano mmoja wa karibu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kilifunguliwa mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi, katikati ya makazi ya watu. Kilileta ajira. Kilileta pia moshi na maji yenye sumu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, naye akaanza kupaza sauti pamoja na majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kiwanda kufunguliwa hadi hukumu hiyo ya mwisho ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa siku ya ufunguzi alikuwa karibu kuwa mtu mzima.

Hayo ndiyo malipo tunayoyasema. Faida ilihesabiwa kila mwezi. Hasara ilingojea miaka kumi na saba kuhesabiwa, na mishipa ya fahamu ya mtoto hairudishwi kwa hundi.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mwanadamu alikuwa udongo mpaka alipopuliziwa pumzi puani. Pumzi basi si mali ya soko. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliutaja kwa jina moshi wa kupikia na wa kuotea moto miongoni mwa mambo yanayowaua hasa maskini. Na swali aliloulizwa Kaini kuhusu nduguye halijafutwa. Anayeuza dizeli chafu, anayepokea bahasha ili lori bovu lipite, anayejenga tanuru la sumu kando ya vyumba vya kupanga, wote wanaulizwa swali hilohilo.

7. TUNADAI NINI, NA TUFANYE NINI

Kwa serikali zetu twasema hivi. Hewa ipimwe, na vipimo vitangazwe kila siku kama inavyotangazwa mvua, kwa kuwa uchafu usiopimwa hauna mwenyewe. Gesi na umeme wa kupikia visitozwe kodi kama anasa. Mita za kumwezesha mtu kulipia gesi kidogo kidogo, ambazo zimekwisha kutumika Dar es Salaam na Nairobi, zifikishwe katika mitaa ya watu wa chini. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya wananchi nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Twaupongeza. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya kaya zilikuwa bado zikipika kwa kuni na mkaa. Safari ni ndefu na miaka ni michache. Mtungi unaogawiwa bure siku ya mkutano wa hadhara, kisha ukakosa fedha ya kujazwa, hugeuka kuwa kigoda.

Wachoma mkaa wasifukuzwe kama wezi. Wapewe leseni, matanuri bora, miti ya kupanda na kazi mbadala, maana nao wana watoto. Mabasi makubwa ya umma yaongezwe ili watu wengi wasafiri kwa moshi mchache, na wenye mabasi mazee wapewe mikopo ya kuyabadilisha kabla ya kunyang'anywa barabara.

Kwa wafanyabiashara na wenye viwanda twasema: gharama ya kichujio ni yenu. Msipoilipa ninyi, italipwa wodini na watu ambao hawakugawana faida nanyi.

Na kwetu sisi, watu wa parokia, kazi ipo kuanzia wiki hii. Shule, seminari na hospitali zilizo chini ya Kanisa zinapika kwa sufuria kubwa kila siku. Halmashauri za walei ziulize: kuni ngapi zinaingia kwa muhula, zinagharimu kiasi gani, na wapishi wetu wanakohoaje? Takataka za plastiki zisichomwe nyuma ya kanisa wala nyuma ya nyumba. Vikundi vya kuweka na kukopa vitenge mkopo wa jiko banifu au wa mtungi, ulipwe kidogo kidogo kama mkaa ulivyokuwa ukilipwa. Kiongozi wa jumuiya atakayemtembelea mgonjwa wa kifua aangalie pia jiko liko wapi na dirisha liko wapi. Na pale panapojengwa kiwanda mtaani, waumini wadai kuiona tathmini ya athari kwa mazingira kabla msingi haujachimbwa, wala wasingoje hadi watoto waugue.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

Kwanza: katika mtaa wetu moshi mwingi watoka wapi, na nani hupata faida kutokana nao?

Pili: familia ngapi katika jumuiya yetu zingependa kuacha mkaa, na kinachozizuia hasa ni nini: bei, umbali, au hofu?

Tatu: diwani na mbunge wetu wamesema nini hadharani juu ya bei ya nishati ya kupikia? Nani atawauliza, na lini?

Nne: jiko la shule au kituo kilicho karibu nasi latumia nini, na twaweza kulibadilisha kwa muda gani?

Majibu yaandikwe, yapelekwe kwenye halmashauri ya parokia, na halmashauri itaje mtu wa kuyafuatilia kwa jina. Azimio lisilo na mtu wa kulifuatilia ni moshi mwingine tu: hupanda, huonekana kitambo, hutoweka.